Ile 0.58% Kwa Slipu ya Aunti wa Seattle: Kodi ya Uzee Inafanya Aje, na Inakuhusu Vipi?

Kama uko na aunti, binamu ama beshte anapiga mboka jimbo la Washington, kule Seattle, Kent ama Tacoma, mwambie akutumie picha ya slipu yake ya mshahara. Chini ya kodi ya serikali kuu na makato mengine utaona kalaini kadogo kameandikwa WA Cares. Kila dola 100 anazotengeneza, senti 58 zinapita hapo. Ukimuuliza ni ya nini, usishangae akikwambia ni mambo tu za hawa wazungu.

Hizo senti 58 ni za uzee wake. Washington ndiyo jimbo la kwanza Marekani kukata wafanyakazi pesa ya kulipia utunzaji wa muda mrefu, na majimbo mengine yamekuwa yakipiga hesabu kama yafuate. Inakaa stori ya mbali. Lakini ndani yake kuna swali halina paspoti: siku utazeeka ushindwe kujifanyia vitu, nani atalipa? Majibu yako manne tu. Nyumba yako, kampuni ya bima, slipu yako, ama mtoto wako. Tuyapitie moja moja, juu kwa hilo la mwisho wewe ndiye mtoto.

Kwanza, huo utunzaji ni gani?

Si hospitali. Ukivunjika mguu unaenda hosi, unawekwa plasta, unapona, hayo ni matibabu. Utunzaji wa muda mrefu ni ile hali mtu hahitaji daktari sana, anahitaji mtu. Mtu wa kumwogesha, kumvalisha, kumlisha, kumtoa kitandani hadi kwa kiti, kumpeleka choo, kumkumbusha dawa. Ni shosho aliyepata stroke na upande mmoja ukalala. Ni guka ameanza kusahau, anaamka saa nane usiku kutafuta ng'ombe aliyeuza kitambo. Hii kitu inaweza kuenda miezi mitatu, na inaweza kuenda miaka kumi.

Serikali ya Marekani inakadiria kuwa mtu anayefikisha miaka 65 ana nafasi ya karibu asilimia 70 ya kuhitaji huduma ya aina hii wakati fulani kabla hajafa. Kwa hivyo si bahati mbaya ya wachache. Ni kitu ya kawaida ambayo watu hawapendi kuibonga.

Na bei? Genworth, kampuni ya bima ambayo hufuatilia hizi gharama kila mwaka, ilisema 2024 chumba cha mtu mmoja kwa makao ya wauguzi kilikuwa dola 127,750 kwa mwaka kwa bei ya katikati. Dola ikiwa bob 129, hiyo ni karibu milioni 16.5. Mtu wa kukusaidia ukiwa kwako nyumbani, masaa 44 kwa wiki, ni dola 77,792 kwa mwaka.

Sasa unaona mbona Wakenya wengi wako kwa hiyo sekta. Ile kazi watu wa mtaa huicheka eti ni "kuosha wazee majuu" ni huduma ambayo familia ya huko inaweza kuuza nyumba ili iipate. Na yule anayeosha leo, naye atazeeka.

Jibu la kwanza: nyumba yako

Wengi hudhani Marekani ukifika 65, Medicare inashika kila kitu. Zii. Medicare inalipa hospitali na madaktari. Ukitoka hospitali unaweza kulipiwa hadi siku 100 kwa kituo cha wauguzi kama bado unahitaji wauguzi wenye ujuzi, na hata hapo, kuanzia siku ya 21 unachangia. Kama shida yako ni kuogeshwa na kulishwa tu, Medicare haiko.

Inayolipa ni Medicaid, na ndiyo mlipaji mkubwa zaidi wa utunzaji wa muda mrefu nchi nzima. Shida ni kwamba Medicaid ni ya watu walioishiwa. Kwa majimbo mengi, mtu asiye na mume ama mke anafaa kubaki na mali isiyozidi dola 2,000 ndio asaidiwe. Nyumba unayoishi kwa kawaida haihesabiwi ukiwa hai, lakini ukifa, jimbo linaweza kuja kudai pesa yake kutoka kwa ulichoacha. Na usidhani utawahi mapema uandikishe kila kitu kwa jina la mtoto, juu wanaangalia miaka mitano nyuma.

Kwa ufupi, mpango wa kawaida wa Marekani ni huu: tumia akiba yako yote, ukisota kabisa serikali inakuokota. Aunti aliyefanya shifti mbili miaka ishirini, akalipia nyumba, anaweza kumaliza safari bila kitu cha kuachia watoi.

Jibu la pili: kampuni ya bima

Bima ya kibinafsi ya utunzaji iko, na ilikuwa moto sana miaka ya 80 na 90. Inafanya hivi. Unalipa kila mwezi ama kila mwaka. Siku ukishindwa kujifanyia mambo ya msingi, kwa kawaida mawili kati ya sita, kama kuoga, kuvaa, kula, kwenda choo, kampuni inaanza kukulipia kiasi fulani kwa siku. Lakini kuna maandishi madogo. Kuna kipindi cha kusubiri, mara nyingi siku 90, ambazo unajilipia mwenyewe. Kuna kikomo cha miaka, pengine miwili, mitatu ama mitano. Na kama hukununua kipengele cha kupandisha malipo pamoja na mfumuko wa bei, ile dola 150 kwa siku uliyokubaliana nayo leo itakuwa chapaa ya chai miaka 30 ijayo.

Tena si kila mtu anakubaliwa. Wanachunguza afya yako kwanza. Ukiwa na kisukari kibaya ama ulishapata stroke, pole. Kwa hivyo bima hii inanunuliwa ukiwa fiti, na watu wakiwa fiti ndio hawataki kuisikia.

Hizi kampuni zenyewe zilichomeka. Zilipopanga bei zilidhani wateja wengi watachoka na kuacha kulipa kabla hawajazeeka, na kwamba riba itabaki juu. Watu hawakuacha. Wakaishi miaka mingi zaidi. Riba ikashuka. Kampuni nyingi zikatoka sokoni, na zilizobaki zikapandishia wateja wa zamani bei. Wazee waliolipa miaka ishirini wakaletewa barua: lipa zaidi, ama ukubali bima ndogo. Penn Treaty ya Pennsylvania ilifika mwisho kabisa, mahakama ikaagiza ifungwe 2017.

Serikali kuu nayo ilijaribu. Ndani ya ile sheria ya afya ya Obama ya 2010 kulikuwa na mpango unaitwa CLASS, bima ya utunzaji ya kujiunga kwa hiari, uliopiganiwa na seneta Ted Kennedy. Oktoba 2011 serikali yenyewe ikasema hesabu haingii, ikauweka chini kabla haujasajili hata mtu mmoja. Bunge likaufuta Januari 2013. Shida ilikuwa neno moja: hiari. Ukiambia watu wajiunge wakitaka, wanaokuja mbio ni wale wanajua watahitaji. Wenye afya wanalenga. Bei inapanda, wenye afya wanazidi kuhepa, na mfuko unakauka.

Hapo ndipo Washington ikasema: basi tusiulize mtu.

Jibu la tatu: slipu yako

Sheria ya WA Cares ilipitishwa 2019, gavana akiwa Jay Inslee. Makato yalifaa kuanza Januari 2022, kelele zikawa nyingi, yakasukumwa hadi Julai 1, 2023. Tarehe ya kuanza kulipa wanaohitaji ikawekwa Julai 1, 2026.

Hesabu yake ni rahisi. Tuseme aunti anapata dola 20 kwa saa, masaa 40 kwa wiki, mwaka mzima. Hiyo ni dola 41,600. Asilimia 0.58 yake ni dola 241 kwa mwaka, kama dola 20 kwa mwezi. Kwa pesa zetu ni kama bob 2,600 kila mwezi. Akifanya hivyo miaka kumi amechanga kama dola 2,400.

Akizeeka akihitaji msaada kwa angalau mambo matatu ya kila siku, anaweza kutumia hadi dola 36,500 kwa maisha yake yote, na hicho kikomo kinaweza kupandishwa kufuatana na mfumuko wa bei. Haulizwi ako na ugonjwa gani wakati anaingia. Halipi zaidi juu ni mwanamke ama juu mamake alikuwa na kisukari. Kwa mtu wa kipato cha kawaida mwenye afya ya wasiwasi, hiyo ni dili ambayo hakuna kampuni itampa.

Lakini tusidanganyane. Dola 36,500 ni kama milioni 4.7 za hapa, na kwa ile bei ya makao ya wauguzi tuliyosema, zinaisha kwa miezi mitatu na nusu. Zikitumika nyumbani, zinasonga. Kwa bei ya dola 34 kwa saa, mtu wa kuja masaa 10 kwa wiki analipika kwa kama miaka miwili. Kwa hivyo WA Cares haibebi uzee wote. Inanunua muda, ile miezi ya kwanza familia iko kwa mshtuko inatafuta form. Inaweza pia kulipia kuwekwa kwa ngazi ya kiti cha magurudumu, vyuma vya kushika bafuni, chakula cha kuletewa, na hata kumlipa mtu wa familia anayeacha kazi yake kumtunza mzazi, akishasajiliwa. Hii ya mwisho ishike, tutairudia.

Mbio za 2021

Sasa angalia upande mwingine. Msee wa programu kwa kampuni kubwa ya Seattle anapata dola 200,000. Makato ya WA Cares hayana kikomo cha mshahara, kwa hivyo anakatwa dola 1,160 kila mwaka. Miaka 30 ya hivyo ni dola 34,800, karibu sawa na kile kitu anaweza kupata. Yeye haoni dili hapo.

Sheria iliacha mlango. Kama ulikuwa na bima ya kibinafsi ya utunzaji iliyonunuliwa kabla ya Novemba 1, 2021, ungeweza kuomba kutolewa kabisa. Watu wakaamka. Kuanzia kiangazi cha 2021 watu wenye mishahara minono walikimbilia bima kwa wingi hivi kwamba kampuni kadhaa zikaacha kuuza Washington kabla hata siku ya mwisho haijafika. Karibu watu nusu milioni waliishia kupewa ruhusa ya kutoka.

Nani aliachwa nje? Aliyekuwa kwa shifti ya usiku, hajui kuna kitu kama hicho. Mwenye kisukari ambaye hakuna kampuni ingemkubali. Aliyesikia Oktoba akapiga simu akaambiwa tumefunga. Mlango ulikuwa wazi kwa wote kwa karatasi, lakini waliopita ni wenye pesa, afya na habari.

Kisha 2024 likaja jaribio la pili. Bwenyenye anaitwa Brian Heywood, wa mambo ya uwekezaji, alifadhili pendekezo nambari 2124: WA Cares iwe ya hiari, anayetaka kutoka atoke. Wapiga kura waliamua Novemba 2024, siku ile ile Trump alichaguliwa. Wakakataa, kwa zaidi ya asilimia 55. Hawakuwa wanapenda kukatwa. Walikuwa wameona vile hiari iliua CLASS, na wakajua wenye nguvu wakitoka, wanaobaki wanabeba jeneza.

Sheria ndogo ndogo ambazo zinauma

Kama wewe ama mtu wako mko huko, ama mmeshinda ile bahati nasibu ya Green Card mnapanga mabegi, shikeni haya.

Si kila mtu aliyechanga analipwa. Lazima uwe umechanga miaka kumi bila kukatiza miaka mitano mfululizo, ama mitatu kati ya sita ya mwisho kabla ya kuomba. Mwaka unahesabiwa ukifanya kazi angalau masaa 500. Waliozaliwa kabla ya 1968, ambao wako karibu kustaafu, wanapata asilimia 10 ya kiasi kizima kwa kila mwaka waliochanga. Kama mzae wako alienda huko akiwa na miaka 58, hii inamhusu.

Si akiba. Huwezi kutoa ukipata shida ya karo, na ukifa bila kuitumia haiendi kwa watoi. Ni kama bima ya gari. Usipogonga, umeshukuru Mungu na pesa imeenda.

Wenye viza za kazi za muda wana njia ya kutokatwa, na pia wanaofanya kazi Washington lakini wanaishi jimbo jirani. Mwenye Green Card anayeishi hapo anakatwa kama raia. Wanaojiajiri, kama dereva wa teksi ya apu ama mwenye nyumba ndogo ya kutunza wazee, hawakatwi, lakini wanaweza kujiunga wakitaka.

Aliyepewa barua ya kutolewa lazima ampatie kila mwajiri mpya nakala yake. Usipoipeana, mwajiri anakata. Na watu wetu hubadilisha waajiri kama mathree.

Ukihama jimbo, zamani ulikuwa umepoteza kila kitu. Mwaka 2024 sheria ilibadilishwa: aliyechanga angalau miaka mitatu anaweza kuchagua kuendelea kuchanga akiwa jimbo lingine. Kwa hivyo kabla ya kuhamia Texas kufuata nyumba za bei rahisi, na hasa kabla ya kupanga kurudi nyumbani kustaafu, piga simu WA Cares uulize inaenda aje kwa kesi yako.

Na majimbo ambayo bado yanafikiria?

Hapa ndio kichwa kinauma. California iliunda jopo la kuchunguza bima kama hii kwa sheria ya 2019, jopo likatoa mapendekezo yake mwisho wa 2022 na hesabu za kitaalamu mwisho wa 2023. Hakuna kodi iliyopitishwa. New York nako kulipelekwa mswada. Lakini kila mara habari kama hizi zikitoka, mawakala wa bima wanaanza kupigia watu simu: nunua sasa, kabla hawajafunga mlango kama Washington.

Je, ununue bima ya maisha yako yote kuhepa kodi ambayo haijazaliwa? Usikimbizwe. Kodi ya dola 20 kwa mwezi haifai kukufanya uingie mkataba wa dola 150 kwa mwezi. Bima hii inunuliwe kwa sababu unaitaka yenyewe: una mali ya kulinda, una afya ya kukubaliwa, na unaweza kuilipa hata ikipanda. Muulize wakala maswali manne: kampuni imepandishia wateja wa zamani bei mara ngapi? Kipindi cha kusubiri ni siku ngapi? Malipo yanapanda na mfumuko wa bei? Nikishindwa kulipa baada ya miaka kumi, nabaki na nini? Akianza kuzunguka, hepa.

Lakini usilale pia. Funzo la 2021 ni kwamba mlango wa kutoka unaweza kufungwa kabla ya tarehe iliyoandikwa, juu wauzaji wanaweza kufunga duka mapema. Mwenye mshahara mkubwa California anafaa awe anajua bei yake ya bima leo, hata kama hanunui.

Na wale mnajifunza Kijerumani juu ya ule mkataba wa ajira wa Kenya na Ujerumani wa Septemba 2024, nyinyi hamna cha kufikiria. Ujerumani inakata ya utunzaji tangu 1995. Mwaka 2025 kiwango kilikuwa asilimia 3.6 ya mshahara, kwa kawaida mwajiri na mfanyakazi wakigawana, na ukipita miaka 23 bila mtoto unaongezwa 0.6 juu yako peke yako. Soma hiyo tena. Asiye na mtoto analipa zaidi.

Jibu la nne: mtoto

Hapa ndipo tunarudi nyumbani, juu Kenya tumechagua jibu la nne bila kupiga kura.

Slipu ya hapa ina makato ya kutosha. Ukipata 40,000, SHIF ya asilimia 2.75 inachukua 1,100, nyumba asilimia 1.5 inachukua 600, kuna NSSF, kuna PAYE. Ndiyo maana mtu akitaja makato mapya watu wanakumbuka Juni 2024 na Mswada wa Fedha. Lakini kati ya hayo yote, hakuna hata shilingi ya kulipa mtu wa kukaa na shosho nyumbani. SHA ni ya matibabu. NSSF ni ya pensheni. Inua Jamii inapea mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, ambayo haitoshi kumlipa msaidizi hata wiki moja. Katiba yenyewe, kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kutunzwa na familia yao na Serikali. Familia imefika. Serikali iko njiani.

Kwa hivyo kodi ya uzee tunalipa, ni vile tu haiko kwa slipu. Iko kwa simu. Ni ile laki iliyochangwa kwa grupu ya WhatsApp ya familia. Ni zile dola aunti wa Seattle anatuma kila mwezi, sehemu ya karibu dola bilioni 5 ambazo Wakenya wa ng'ambo walituma nyumbani 2024. Yeye analipa mara mbili: 0.58 ya uzee wake huko, na asilimia isiyojulikana ya uzee wa mamake hapa. Na mara nyingi ni yule msichana mmoja kwa familia, hajaolewa ama kazi yake si ya ofisi, anaambiwa "wewe kaa na mathe kwanza." Hiyo "kwanza" inamaliza miaka sita. Hakuna anayemlipa, hana NSSF, akitoka hapo ana 34 na CV haina kitu.

Ndio nikasema ushike ile ya Washington kumlipa mtu wa familia. Huko wamekubali kwa sheria kwamba kumtunza mzazi ni kazi. Sisi hatuhitaji kungoja bunge ndio tukubali hilo kwa meza ya nyumbani.

Asilimia 0.58 ya 40,000 ni bob 232. Familia ya watoto wanne wenye kazi, kila mmoja akiweka 232 kila mwezi, ni kama 11,000 kwa mwaka. Ni kidogo, haiwezi lipa stroke. Lakini wakiweka ngiri moja kila mmoja, ni 48,000 kwa mwaka, na mzazi akiwa bado fiti hapo miaka saba mbele, hiyo ni 336,000 kabla ya riba. Hiyo inalipa sistee anayekaa nyumbani kitu cha heshima kila mwezi kwa muda mzuri. Chama cha aina hii kinataka vitu vitatu: akaunti yenye sahihi za watu wawili, sheria kwamba haitumiki kwa harusi wala matanga, na mtu mmoja wa kuangalia kama wazazi wako kwa SHA na kama makaratasi ya shamba yako sawa. Na fanyeni mapema, juu bima nyingi za matibabu zinaweka kikomo cha umri wa kujiunga, na mzee aliyeanza kusahau hawezi tena kuweka sahihi.

Mnaweza kuanza na swali moja kwa grupu ya familia wikendi hii, hata kama litanyamazisha watu: mathe akishindwa kuamka kesho, nani anaenda, na nani anamlipa huyo anayeenda? Ukimjumuisha aunti wa Seattle, mwambie pia achungulie ile laini ya WA Cares, ahesabu miaka yake, na aweke hizo slipu vizuri.